Hoteli Inayofuata Maji

Hoteli ilikuwa imeshafika katikati ya mchanga, paa mbele na jiko nyuma, pikipiki iliyombeba Julieth ilipokunja kutoka barabara ya Nzega na kuteremka bwawani. Tobias ndiye aliyeiona kwanza, maana yeye alitangulia, na ubao wa tangazo kichwani. Nyuma yake walifuata watu kumi na wanne kwa mstari mmoja: wenye nguzo, wenye turubai, wenye mabenchi, mwenye sufuria ndani ya sufuria, mwenye ndoo ya perege waliokwisha kutiwa chumvi. Wa mwisho kabisa alikuwa Bernadeta, mwenye hoteli, akichechemea na fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili kopo la makaa yanayowaka, lenye mshikio wa waya.

"Usisimame, mzee Tobias!" alifoka kutoka huko nyuma. "Mzigo ukisimama unaongezeka."

"Nimeona mgeni, Mama Julieth."

"Mgeni atatukuta mbele."

Ubao aliobeba Tobias uliandikwa kwa rangi ya bluu: PWANI HOTELI. SAMAKI WAPO. Kutoka hapo mpaka bahari ilipo ni kilomita mia nane na ushei, na watu waliopita barabarani kwa mara ya kwanza walicheka. Waliopita mara ya pili walishuka kula.

Bwawa la Mhongo lina kina kama cha sahani. Mvua zikikatika, maji yanaanza kurudi nyuma, leo hatua moja, kesho mbili, na nyuma yake yanaacha mchanga mweupe. Mwaka wa tisini na moja Bernadeta alikuwa mjane wa miezi saba, ana mtoto wa miaka minne. Aliweka mafiga matatu ukingoni mwa maji akaanza kukaanga samaki. Ilipofika Julai maji yalikuwa yameshamkimbia, na wateja wakanung'unika kwamba wamekuja kula samaki mbele ya maji, siyo mbele ya vumbi. "Basi tuyafuate," akasema. "Lakini mimi nina kichwa kimoja. Kila mtu abebe chake." Tangu siku hiyo ikawa sheria, na haikuandikwa popote: siku ya kuhama, asiyebeba hali. Amekula hapo bwana shamba, wamekula mapadri wawili, na wote walibeba. Mmoja wa mapadri hao alibeba kinu.

Tobias alifika msimu huohuo wa kwanza. Alikuwa anatoka kwenye mashamba ya tumbaku Urambo anakwenda popote, akaomba maji ya kunywa, akapewa benchi. Alilibeba, akala, akalala, akaamka akachanja kuni. Maji yaliporudi na hoteli ikafungwa, akaondoka. Juni iliyofuata akaonekana tena. Ikawa hivyo miaka thelathini na mmoja. Kiangazi yuko Pwani Hoteli. Masika yuko Mungu anakojua: kurina asali Ugalla, kulinda ghala Isaka, kusukuma mkokoteni Kigoma. Hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi, wala anakwenda wapi. Alipenda hivyo, au alidhani anapenda.

Jina la hoteli ndiye aliyelileta. Aliwahi kufika Bagamoyo ujanani, akamsimulia Bernadeta kwamba kule maji yanaondoka asubuhi na jioni yamerudi. Bernadeta, aliyekuwa anageuza samaki, alifikiri kidogo.

"Basi ni kama yetu," akasema. "Ila ya kwao yana haraka."

Julieth aliwafikia karibu na maji. Alikuwa amevaa raba nyeupe za kutoka Dodoma, na mchanga ulishaingia ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pokea benchi kwa huyo baba, amechoka."

"Mama, mimi nimesafiri usiku kucha kwa basi."

"Na benchi nalo limesafiri. Pokea."

Akapokea. Mama mmoja mnene aliyekuwa kando yake alicheka mpaka akasimama. Huyo ni Hafsa, fundi cherehani wa Ng'ambo, mtaa wa Tabora mjini, ambaye baba yake alikuwa Mzaramo, kwa hiyo kwake Wanyamwezi wote walikuwa watani na hakuwabakizia neno. Alikuwa amebeba birika la chai. Misimu yote alibeba birika la chai, tena likiwa tupu.

"Wanyamwezi nyie," akasema, "babu zenu walibeba meno ya tembo mpaka pwani, wakarudi na shanga. Hamkukoma. Sasa mnabeba hoteli!"

"Na babu zako walikaa palepale pwani kutungoja tufike," Bernadeta akajibu, "mpaka leo mzigo wenu mkubwa ni birika. Tembea, mtani, chai inachelewa."

"Shikamoo mjomba," Julieth alimwambia Tobias, walipokuwa wakisimika nguzo.

"Marahaba, mama. Umekonda."

"Wewe umezeeka."

"Hiyo nayo ni kazi. Nimeianza zamani."

Nguzo zikasimama, turubai likavutwa, mafiga yakakaa, moto wa kwenye kopo ukamwagwa katikati ya mafiga. Kazi ya mwisho ilikuwa ya Tobias peke yake. Alichukua kijiti cha mninga, urefu wa mkono, ncha yake imepakwa rangi nyekundu, akakichoma mchangani pale maji yalipoishia. Kijiti hicho ndicho kilichoamua mambo. Maji yakikiacha hatua ishirini, hoteli inahama kuyafuata. Mvua zikija na maji yakapanda mpaka kukigusa, msimu umekwisha, hoteli inafungwa siku hiyohiyo. Bernadeta hakutazama kalenda wala redio. Alikuwa akisema kalenda haijawahi kulowa.

Walipokaa kula, Julieth hakungoja mama yake anawe.

"Mama, nimekuja kukuambia jambo mbele ya watu, kwa sababu tukiwa wawili huwa unanigeuzia maneno. Mwaka jana ulianguka. Pale hospitali ya Kitete walikuambia nini?"

"Walinisalimia vizuri."

"Walikuambia usisimame kwenye moto kutwa nzima. Nyonga yako haitaki. Mimi nina nyumba Dodoma, chumba chako nimeshakipaka rangi. Huu uwe msimu wa mwisho. Nakuomba."

Masolwa, Msukuma wa Lusu aliyekuwa anavua samaki wa hoteli, aliacha tonge katikati ya safari. Bernadeta alimtazama binti yake. Hakuwa na hasira. Alimwona ana mikunjo midogo pembeni mwa macho, akajua huyu mtoto halali usiku kwa ajili yake.

"Haya," akasema. "Nimesikia. Siku maji yatakapogusa kijiti, nitafunga hoteli na nitaondoka na wewe. Siyo kabla, siyo baada. Mashahidi ni hawa."

Julieth akashusha pumzi. Alijua mama yake hajawahi kurudi nyuma ya neno lake. Hafsa akasema, "Mtani, Dodoma utafuata maji gani? Kule hata mbuzi anakunywa kwa zamu," watu wakacheka, vijiko vikaanza tena.

Tobias hakumaliza samaki wake. Alimfunika kwa sahani, akaenda kukaa kwenye mtumbwi wa Masolwa uliovutwa nchi kavu. Alikuwa na miaka sitini na minane. Hakuwa na shamba, hakuwa na mke, na ndugu zake wengi walidhani amekufa. Haya yote hayakumsumbua. Lakini mtu wa kuzunguka anahitaji sehemu moja ambayo haizunguki, ili akiwa mbali ajue yuko mbali na wapi. Yeye sehemu yake ilikuwa hoteli inayohama kila baada ya wiki tatu. Alicheka peke yake alipoliona hilo. Kisha akaacha kucheka.

*

Septemba ikaisha, Oktoba ikapita, joto likaja lile la kupasua midomo. Hoteli ilihama mara mbili zaidi. Halafu Novemba mawingu yakajikusanya upande wa Lusu, mvua ikapiga siku tatu, na maji yakageuka.

Asubuhi ya kwanza Tobias alikwenda kupima akakuta yamebaki hatua kumi na mbili kufika kwenye kijiti. Siku ya pili, tisa. Siku ya tano, tatu. Akasimama pale, miguu imelowa, akatazama hoteli. Bernadeta alikuwa hajatoka mjini. Alikuja kila siku saa mbili kwa pikipiki, amekaa upande kama malkia. Masolwa alikuwa katikati ya bwawa anavuta nyavu. Hakuna aliyetazama.

Tobias alikichomoa kijiti, akapiga hatua sita kupanda juu, akakichoma tena. Akafuta alama ya zamani kwa unyayo. Maisha yake yote alikuwa ameiba vitu viwili tu, kuku na shuka la gesti, na vyote viwili havikumwuma kama hiki.

Kesho yake alipokwenda, hakuamini. Kijiti hakikuwa pale alipokiacha. Kilikuwa hatua nyingine sita juu zaidi.

Akahesabu upya. Akahesabu tena. Akajiambia, uzee huu, labda jana nilipiga hatua ndefu. Maji yakazidi kupanda, naye siku mbili baadaye akakisogeza hatua nne. Kulipokucha kilikuwa kimesogea hatua nane. Akamfuata Masolwa.

"Wewe kijana, unachezea kijiti changu?"

"Kijiti gani, mzee?"

"Cha maji."

Masolwa alitazama, akakuna shingo. "Mimi nilidhani ni wewe. Nikasema, mzee ana mambo yake. Mbona kimeshapita jiko?"

Ni kweli. Kijiti kilikuwa kimeshapita jiko. Siku tatu baadaye kilipita mabenchi. Hoteli sasa ilikuwa katikati, maji mbele yake na kijiti nyuma, na kwa mtu yeyote mwenye akili timamu maana yake ilikuwa kwamba maji yangelazimika kuimeza hoteli nzima kabla ya kugusa kijiti.

Siku ya Jumatano Tobias aliwahi zaidi, na mchanga ulikuwa bado umelowa manyunyu ya jana. Pembeni mwa kijiti aliona nyayo. Mguu mmoja umezama sana, wa pili umeburuzwa kidogo, na kando yake vishimo vya mviringo, kimoja kimoja, kama vya ncha ya fimbo. Nyayo zilitoka jikoni zikaja mpaka kwenye kijiti, zikarudi jikoni. Ni za jana, wakati yeye alipokuwa porini kutafuta kuni.

Alichuchumaa hapo kwa muda. Halafu akaenda akawasha moto. Bernadeta alipofika, walisalimiana kama siku zote.

"Umepima, mzee Tobias?"

"Nimepima."

"Yamegusa?"

"Hayajagusa, Mama Julieth."

"Vizuri," akasema, akaanza kuparua samaki. Magamba yaliruka. Hakumtazama. Tobias naye alitazama kuni zake, na kwa sababu asiyoijua vizuri alichanja siku ile nyingi kuliko za wiki nzima.

Ijumaa Hafsa alikuja na shoga zake wawili, akaenda haja, akarudi anacheka huku amejishika kiuno.

"Watani zangu! Kijiti chenu kimewakimbia. Nimekikuta nyuma ya choo!"

"Kula samaki, Hafsa," Bernadeta akasema.

"Nitakula. Lakini mjue nimekiona."

"Umekiona. Maji yamekigusa?"

"Yatakigusaje? Labda yapande Tabora mjini!"

"Basi hayajagusa. Kula."

*

Julieth alifika Jumamosi, na begi moja kubwa tupu, la kubebea nguo za mama yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua kubwa ilikuwa imenyesha mbali, huko unakotoka mto unaojaza bwawa. Bwawani jua lilikuwa kali na mabenchi yamejaa. Alisalimia, akatafuta kwa macho kijiti ukingoni mwa maji, hakukiona.

"Mama, kijiti kiko wapi?"

"Kipo. Kaa ule kwanza."

Alipoinamisha kichwa kunawa, akaona maji yamepita chini ya benchi. Yalikuwa ya rangi ya chai, yamebeba majani na povu, na hayakupiga kelele yoyote. Watu walinyanyua miguu wakaendelea kula. Mmoja akasema leo ndiyo pwani kweli. Halafu sufuria tupu ikaelea, ikamzunguka Hafsa, ikaenda zake.

"Bebeni!" Bernadeta akapaza sauti. "Asiyebeba hali!"

"Tumeshakula, mayu!" Masolwa akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma chake.

"Basi asiyebeba atatapika! Bebeni!"

Kikawa kimbembe. Nguzo ziling'olewa na watu wenye mchuzi mikononi. Turubai lilibebwa na sita kama jeneza, wakiimba wimbo wa kupalilia mpunga. Hafsa alinyakua birika, na kwa mara ya kwanza lilikuwa limejaa, likamwunguza, akatukana kwa Kizaramo huku analibeba hivyohivyo. Julieth alitupa begi lake begani mwa mtu, akaingia majini na raba zake, akainama mbele ya mama yake.

"Panda mgongoni."

"Mimi siyo mzigo."

"Leo ni mzigo. Asiyebeba hali, mama, na mimi nina njaa. Panda!"

Bernadeta akapanda, kopo la makaa ameliinua juu ya kichwa cha mwanawe, akilia na kucheka. Tobias alikuwa amebeba figa moja kila kwapa, maji yakiwa yameshayapoza. Alipoyatua juu, akageuka kurudia la tatu. Maji yalikuwa magotini, kisha mapajani. Alipapasa kwa mguu pale jiko lilipokuwa.

"Liache!" Bernadeta alimpigia kelele kutoka mgongoni kwa binti yake. "Tobias! Liache jiwe, njoo wewe!"

Miaka thelathini na mmoja, hakuwahi kumwita bila kutanguliza neno mzee. Akaliacha jiwe.

Maji yaliishia nyuma ya choo, hatua mbili tu chini ya kijiti. Yakatulia hapo. Watu wote walikuwa wamesimama juu, wamelowa, kila mmoja na kipande chake cha hoteli, na katikati yao ile ncha nyekundu, kavu kabisa. Julieth alimshusha mama yake. Akatazama kijiti, akatazama bwawa, akatazama kijiti tena.

"Nani amekisogeza?"

Birika lilikuwa linatoa mvuke. Hafsa alifumba mdomo, na hiyo peke yake ilikuwa habari.

"Mimi," Tobias akasema. "Nisamehe, mwanangu. Nilimfanya mama yako avunje neno lake bila kujua."

"Amevunja wapi?" Bernadeta akadakia. "Na mimi nimekisogeza. Zaidi yake. Yeye anasogeza kwa woga, hatua nne, hatua sita. Nilikuwa nakikuta pale namwonea huruma, naongeza."

Mtu mmoja huko nyuma aliangusha benchi kwa kucheka. Julieth hakucheka.

"Ungeniambia tu hutaki kuja kwangu."

"Nani kasema sitaki?" Bernadeta alimshika mkono. "Chumba umekipaka rangi gani?"

"Ya kijani."

"Kijani naipenda. Nitakaa humo mvua zote, utanipeleka kwa madaktari wako, nitawatii. Sikukataa kwenda, mwanangu. Nilikataa kutorudi. Niliogopa kukuambia kwa sababu ulinijia umekonda. Nikaahidi haraka, halafu ahadi ikanikaba."

Julieth alikichomoa kijiti, akateremka hatua mbili, akakichoma majini. Maji yakakizunguka.

"Yamegusa," akasema. "Tumefunga. Juni utarudi, lakini utakaanga umekaa. Nitanunua kiti mimi mwenyewe, na nitakuja kuona kama unakikalia."

"Nitakikalia."

Watu wakaanza kupanga mizigo kwenye mkokoteni, kama mwisho wa kila msimu. Tobias alifunga shuka lake kwa kamba, kama mwisho wa kila msimu. Alikuwa ameshalitupia begani Bernadeta alipomfikia na fimbo yake.

"Mvua hii unakwenda wapi?"

Hakuwahi kuulizwa.

"Popote."

"Popote siyo jibu. Nyumba yangu ya Ng'ambo itabaki na kuku kumi na moja na hakuna mtu. Nguzo zinataka kuwekwa pakavu. Mchwa wa pale hawana adabu."

"Unaniomba nilinde nguzo?"

"Nakuomba nikirudi nikukute."

Tobias alitazama barabara, upande wa Nzega na upande wa mjini. Kisha akalitua shuka lake juu ya mkokoteni, pamoja na masufuria, akashika mpini.

*

Bernadeta alikwenda Dodoma akakaa miezi sita. Alirudi Juni na kiti. Amefanya misimu mitatu tangu hapo, akikaanga amekaa, ila watu wasipotazama anasimama.

Julieth huja kila Septemba kwenye siku ya kuhama. Hubeba benchi. Ameacha kuvaa raba nyeupe.

Tobias alikaa Ng'ambo. Mwaka wa kwanza aliondoka mara mbili, mara moja akafika Isaka, mara ya pili akafika stesheni tu. Kuku sasa ni ishirini na sita. Nguzo mbili zililiwa na mchwa.

Masolwa ameoa Igunga na anavua huko. Samaki wa hoteli wanaletwa na mdogo wake.

Hafsa alifariki Aprili mwaka jana, kwa ugonjwa wa moyo. Bernadeta aliingia msibani na lile birika, akaliweka mlangoni, akasema kwa sauti kwamba haondoki mpaka mtani wake atoke kulibeba, maana ametoroka zamu. Waombolezaji walicheka, kisha wakalia. Birika alilikabidhi kwa mkwe wa Hafsa, ambaye sasa ndiye anayelibeba.

Figa la tatu halikutolewa. Walitafuta jiwe lingine, linakaa vizuri. Lile la zamani huonekana maji yakishuka, lakini wakati huo hoteli inakuwa imeshalipita.